Njia Nyekundu ya Bohumír

Bohumír Skoumal aliwadharau watalii kama wengine wanavyofuga kuku: kila siku, bila likizo, na kwa kuwajua mmoja mmoja. Kulikuwa na wale wa fimbo mbili za chuma, waliopita njia tambarare ya kando ya mto Jasenka kana kwamba wanapanda barafu. Kulikuwa na wale wa mbwa waliovikwa makoti. Kulikuwa na wale waliofika chini ya ngome, wakapiga picha kibao chenye habari za ngome, kisha wakarudi garini bila kuinua macho kuitazama ngome yenyewe. Kwa maoni yake wote hao walikuwa na akili moja ya kugawana, na Jumapili hata hiyo waliiacha nyumbani.

"Wale ukiwapakia rangi mpaka chooni, watafuata mpaka chooni," aliwaambia wenzake baani, na wenzake wakacheka, maana walikuwa wameona mengi.

Rangi yenyewe ilikuwa yake. Katika nchi ile ya Wacheki hakuna msitu usio na njia ya miguu, wala njia isiyo na alama: mstari mmoja wa rangi katikati ya miwili myeupe, juu ya mti, jiwe au nguzo ya umeme. Anayezifuata hapotei hata awe mpumbavu. Alama hizo hazipakwi na serikali. Hupakwa na watu wa kujitolea, chini ya chama cha watembezi, na kila mmoja ana kipande chake anachokilinda kama shamba la urithi. Bohumír alikabidhiwa chake mwaka 1979: kilomita kumi na nne za njia nyekundu, kutoka stesheni ya Vranice, kufuata bonde, kupita magofu ya ngome ya Vraník, hadi kwenye kinu cha zamani cha maji ambacho siku hizi ni baa. Siku za kazi alikuwa kwenye kiwanda cha vifungo. Jumamosi alikuwa msituni na makopo yake mawili, brashi, na kisu cha kukwangulia gome.

Tumpe haki yake, alikuwa stadi. Alama zake hazikuchuruzika. Ukisimama penye moja uliiona ya pili, na kwenye njia panda hakuna mtu aliyewahi kusita. Lakini ustadi ule ulimpanda kichwani. Aliwadharau viongozi wa chama kwa kukaa ofisini, akawadharau wanakijiji wenzake kwa kutotembea, akawadharau watalii kwa kutembea. Ungemuuliza binadamu anayefaa aweje, angekuelezea mtu mwembamba wa miaka sabini na moja, mwenye kofia ya kijani na rangi nyekundu kwenye kucha.

Na Vraník yenyewe haikuwa kitu cha kumtoa mtu Praha. Mnara umekatika juu kama jino bovu. Nusu ya ukuta wa jumba la bwana imebaki, yenye madirisha matatu yanayotazama kusini, na kisima kilichojaa chupa. Kila mtu bondeni atakwambia iliteketezwa na Waswidi. Waswidi walipita huko na majeshi yao karibu miaka mia nne iliyopita, na tangu hapo hakuna kilichoungua au kuvunjika ambacho hawakusingiziwa. Ukweli ni kwamba bwana wa mwisho aliuza vigae vya paa apate kulipia harusi ya binti yake, na mvua ikamaliza kazi. Watalii hawataki kusikia hayo. Wanataka Waswidi.

Sasa kuna jambo moja kuhusu watu wa bonde lile. Watakuazimisha gari, watakuazimisha msumeno, na ukiwanunulia bia mbili watakumwagia siri zote za ndoa zao. Mahali pao pa uyoga hawakuambii. Baba humwambia mwanawe akiwa kitandani pa kufia, na wapo waliokufa wamefumba midomo makusudi, kwa sababu mwana hakustahili. Mtu mzima mwenye pensheni atatoka nyumbani alfajiri, azunguke kijiji kizima kwa nyuma, ili jirani asijue ameelekea upande gani. Uyoga ukipatikana hutiwa kwenye supu na maziwa mgando, hutungwa kwenye uzi ukakauka juu ya jiko, na Krismasi hupikwa na shayiri na vitunguu saumu. Asiye na wa kwake mwenyewe Krismasi ni mtu wa kuhurumiwa, na huko kuhurumiwa ni jina jingine la kudharauliwa.

Septemba ya 1988 Bohumír alikuwa akipaka alama chini ya ukuta wa kusini wa Vraník. Akaacha njia hatua kumi na mbili kwenda kujisaidia nyuma ya mialoni, na hapo akaukuta. Uyoga mnene, kofia za kahawia, shina jeupe gumu kama mguu wa mtoto mchanga, bila funza hata mmoja, umejipanga mteremko mzima. Alipiga magoti. Watu waliomfahamu hawakuwahi kumwona akipiga magoti kanisani.

Furaha haikumaliza dakika kumi. Alipoinua kichwa, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa alama yake mwenyewe, nyekundu, bado mbichi, ikimwita kila mpumbavu wa Jamhuri apite hapo hapo.

Juma lile lile jiwe moja liliporomoka kutoka ukutani. Lilikuwa na ukubwa wa mkate. Bohumír aliketi mezani akaiandikia ofisi ya chama kwamba ukuta wa kusini unabomoka, njia ya chini ni hatari kwa maisha, na kwamba yeye, kwa kuwajali wananchi, ataihamishia njia nyekundu juu, kwenye mgongo wa kilima. Ofisi haikutuma mtu. Ofisi ilipiga muhuri. Mwaka uliofuata serikali ikaanguka, ofisi ikabadilisha watu, na watu wapya wakanakili barua ya watu wa zamani, na baada yao wengine wakanakili nakala. Ramani ikachapishwa upya. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Bohumír ilikuwa ndefu kuliko ile ya kweli kwa kilomita mbili, yenye mizizi, upupu na mwinuko wa kumkatisha punda pumzi, na kwa miaka thelathini na sita maelfu ya watu waliipanda huku wakimshukuru aliyepaka alama.

Pale njia ya chini inapoanzia aliweka mti uliolala na kibao: HATARI, MAWE YANAPOROMOKA. Wanakijiji wachache waliouliza aliwaambia habari za mtu wa mji wa Brno aliyevunjwa mguu na jiwe. Hakukuwa na mtu wa Brno. Lakini baada ya miaka kumi kulikuwa na wazee pale baani waliojua jina la mtu huyo, na mmoja aliyekuwa amemshika mguu wenyewe wakati wa kumpakia kwenye gari la wagonjwa. Bohumír aliwasikiliza, akanywa bia yake, akawadharau zaidi.

Haya yote yangebaki kichekesho kama nyumba yake ingekuwa na mtu mmoja tu. Lakini alikuwa na mke, Zdislava, mpishi wa shule, na mama mkwe, Otilie, aliyekaa nao chumba cha nyuma. Na Otilie alizaliwa chini ya ukuta ule. Baba yake alikuwa mlinzi wa msitu wa bwana mkubwa, na nyumba ya mlinzi ilikuwa pale pale kwenye njia ya chini. Baada ya vita nyumba iliachwa, paa likaingia ndani, lakini msingi ulibaki, na jiwe la mlangoni, na mplamu mmoja. Kila mwaka plamu zikiiva Otilie alikuwa na desturi ya kwenda kukaa kwenye jiwe lile nusu saa, ale plamu tatu, arudi nyumbani. Hakusali wala hakulia. Alikaa tu.

Mwaka 1989 alimwambia mkwewe, "Bohumír mwanangu, mawe hayanitishi mimi. Nipeleke mara moja nikaone nyumba."

"Nyumba ipi, mama? Ukuta umeilalia. Hakuna hata jiwe la mlangoni."

"Hata mplamu?"

"Hata mplamu."

Akauliza tena mwaka uliofuata, kwa maneno mengine, kama wazee wanavyouliza. Akajibiwa hivyo hivyo. Alikufa mwaka 1996, Februari, akiwa na miaka themanini na moja, na Bohumír alibeba jeneza kwa heshima zote.

Sasa, miaka ishirini na minane baadaye, ilikuwa zamu ya Zdislava kuomba. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha, na hospitali ya mjini ilimpangia upasuaji tarehe tatu Oktoba. Upasuaji wa nyonga si habari kubwa siku hizi. Lakini dada yake Květa alipigwa nusu kaputi kwa ajili ya nyongo tu, akalala, na hakuamka. Zdislava hakulizungumzia. Alifua mapazia yote, akaandika kwenye karatasi shayiri iko kabati gani, na jioni moja akaweka kijiko mezani akasema:

"Nataka kwenda Vraník kabla hawajanikata."

"Kufanya nini? Mawe tu yale."

"Miaka arobaini na mitano unawapakia watu rangi waende kuyaona."

"Wale ni wapumbavu. Wewe ni mke wangu."

"Nitasimama kwenye dirisha la kusini," Zdislava alisema, "nitazame chini pale ilipokuwa nyumba ya Mama. Hata kama ni lundo la mawe, nilione. Mimi sijamwekea ua mahali pale tangu afe, na huenda nisipate nafasi nyingine."

Bohumír alimweleza habari za nyonga, za mizizi, za mwinuko. Akasema atamwomba bwana misitu kibali cha kupita na gari, na hakuomba, kwa sababu barabara ya gari inapita juu ya mialoni. Akasema mvua itanyesha. Haikunyesha.

Tarehe ishirini na nane Septemba, sikukuu ya mtakatifu wa nchi, kulikuwa na jua safi na maegesho ya Vranice yamejaa. Zdislava alivaa viatu vya marehemu mama yake, akachukua mkongojo, akatoka. Bohumír akamfuata, afanye nini.

Mwanzoni mwa njia walimkuta mwanamume mnene aliyevaa kaptura ya kubana, na mkewe mwenye fimbo mbili za chuma.

"Samahani mzee," mwanamume aliuliza, "hii nyekundu ndiyo inayofika ngomeni?"

"Imepakwa nyekundu ili nani aione, ng'ombe?"

"Haya, haya. Na huko juu kuna bia?"

"Ilikuwapo. Waswidi waliimaliza."

Mwanamume alicheka kwa moyo mweupe, akamsalimu Zdislava, akaanza kupanda. Bohumír alitema mate.

"Hivi kuna binadamu unayempenda wewe?" Zdislava aliuliza.

"Nawapenda walionyamaza."

Walipita mti uliolala na kibao cha HATARI, wakashika njia ya juu. Alama ya kwanza Zdislava aliifikia vizuri. Ya pili aliifikia amejishikilia kwenye matawi. Kati ya ya pili na ya tatu kuna ngazi ya mizizi ambayo Bohumír mwenyewe, mwaka 1988, aliichagua kwa sababu hakutaka njia iwe rahisi kiasi cha kuwavutia watu. Zdislava aliweka mguu mzima, akavuta mbovu. Akaweka mzima, akavuta mbovu. Alikuwa akitoa sauti ndogo kila anapovuta, na hakujua kwamba anaitoa. Watalii waliwapita kwa adabu, wakisema siku njema, siku njema. Mke wa yule mnene, aliyekuwa amesimama kupumua, alimpa maji.

"Kaa upumzike," Bohumír alimwambia mkewe walipobaki peke yao.

"Nikikaa sitainuka."

Akakaa. Hakuficha uso. Machozi yalishuka tu, naye aliyaacha yashuke, na hilo Bohumír hakuwahi kuliona, kwa maana hata kwenye mazishi ya mama yake Zdislava alilia upande wa jikoni.

"Mtu unaishi miaka sitini na tisa," alisema, "unashindwa na kilima cha kwenda kumuaga mama yako. Laiti ile njia ya chini ingekuwapo. Ile hata mimi ningeiweza. Tulikuwa tunampitisha bibi na kigari."

Bohumír aliitazama alama yake ya tatu. Ilikuwa imepakwa vizuri sana.

Mtu jasiri angesema neno moja hapo. Bohumír hakuwa jasiri. Watu wa dharau ni nadra kuwa jasiri, wanakaa mbali mno na wenzao kupata mazoezi.

"Labda," alisema, "tungeijaribu. Nadhani ukuta umetulia."

"Umetulia?"

"Yaliyokuwa ya kuanguka yameshaanguka."

"Tangu lini?"

"Ni muda sasa."

Zdislava alijifuta uso na kiganja. "Ukuta si jipu, mzee, useme limeiva, limepasuka, limepona."

"Nakwambia unapitika. Twende au hatwendi?"

Wakashuka polepole hadi kwenye mti uliolala. Zdislava alidhani watahangaika kuuvuka, lakini Bohumír alisukuma tawi moja, na nyuma yake kulikuwa na upenyo wa mtu mmoja, ardhi imelainika kwa kupitwa. Akapita. Njia ya chini ilikuwa tambarare, kavu, imefunikwa majani. Upande mmoja mto, upande mwingine ukuta wa Vraník, umesimama wima, mzima, na ndege wametulia juu yake. Zdislava alitembea hatua hamsini, akiukagua ukuta, kisha matawi. Matawi yaliyoinamia njia yalikuwa yamekatwa, mengine zamani, mengine juzi.

"Nani anakata huku?"

"Wanyama hupita."

"Wana mkasi?"

Bohumír alikohoa. Walizunguka kona, na nyumba ya Otilie ilikuwa pale.

Haikuwa imelaliwa na kitu. Msingi ulifika magotini, kama ulivyokuwa Zdislava alipokuwa msichana. Jiko la matofali lilikuwa limezama nusu, lakini mdomo wake ulionekana. Mplamu ulikuwa umezeeka na kugawanyika, na plamu zake zimeanguka chini, zimeliwa na nyigu. Lile jiwe la mlangoni lilikuwa mahali pake. Juu yake kulikuwa na mto wa kukalia wa plastiki, ule wa rangi ya machungwa uliopotea jikoni kwao miaka mingi nyuma, na kando ya mto huo maganda na vipande vya mashina ya uyoga, vya zamani vimekuwa vyeusi, vya juu vingali vyeupe.

Zdislava aliegemea mkongojo wake akavitazama.

"Hapa ndipo unapomenyea," alisema.

Bohumír alivua kofia.

"Alhamisi ulisema uyoga umeutoa msitu wa Bukovina."

"Zdislava."

"Unamenyea kwenye mlango wa Mama."

"Ni jiwe zuri, lina kivuli," alisema Bohumír, na hata yeye alisikia alichosema. "Sikiliza. Ni uyoga tu. Unajua watu walivyo. Wangejua, usingebaki hata mmoja. Na wewe uliula. Miaka yote uliula."

"Niliula. Na Mama aliula. Unakumbuka aliusifu? Alisema haujapata kuwa na ladha hii tangu alipokuwa mtoto."

Alikuwa hapandishi sauti. Bohumír angependa apandishe, kelele alizijua namna ya kuzidharau.

"Mwaka wake wa mwisho," Zdislava aliendelea, "uliniambia nimkanye, anakusumbua na habari za nyumba. Nikaenda chumbani kwake. Nikamwambia, Mama, nyumba haipo, imekwisha, acha kumsumbua Bohumír, ana kazi. Akasema sawa, binti yangu. Hakutaja tena mpaka akafa. Nilimwambia mimi. Kwa mdomo wangu."

"Sikudhani angelichukulia moyoni."

"Hukudhani. Wewe unadhani nini juu ya watu, Bohumír? Niambie nijue. Hata mmoja."

Alilisogelea jiwe, akauinua ule mto wa plastiki kwa ncha ya mkongojo, akautupa mtoni. Kisha akainama kwa taabu, akayapangusa maganda yote kwa mkono wake, hadi la mwisho, akakaa kwenye jiwe. Akaokota plamu ambazo nyigu hawajazigusa. Alipata tatu. Akazila moja baada ya nyingine, akiyatazama maji, na Bohumír alisimama pembeni na kofia mkononi kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

Ndipo sauti ikatoka juu. Kwenye dirisha la kati la jumba la bwana, mita thelathini juu ya vichwa vyao, alikuwa ametokea yule mnene wa kaptura, mwekundu kwa jasho.

"Haloo! Mama! Mmefikaje huko?"

"Kwa miguu!" Zdislava alijibu.

"Lakini kibao kinasema hatari!"

"Kinasema uongo! Kuna mlango mdogo upande wenu wa kushoto, chini ya mnara, fuateni ukuta mtatokea hapa! Ni dakika tano!"

"Zdislava," Bohumír alinong'ona, "nakuomba."

Hakumwangalia. Sauti za juu zilishauriana, mtu akacheka, na baada ya muda mawe madogo yakaanza kuteremka mbele ya hatua za watu. Hawakuwa wawili. Neno lilikuwa limesambaa ngomeni, na waliotokea kwenye kona ya ukuta walikuwa kumi na sita, na mbwa mmoja aliyevaa koti. Kila mmoja alipompita Bohumír alimwambia siku njema, kama ilivyo desturi njiani, na kila mmoja alisubiri jibu, naye akajibu mara kumi na sita.

"Jamani, pazuri hivi!" alisema mke wa yule mnene, akizungusha macho. "Na sisi tumevunjika miguu huko juu. Hapa palikuwa pa nani?"

"Nyumba ya mama yangu," Zdislava alisema. "Alizaliwa hapo ndani, karibu na jiko. Karibuni, tazameni, hapaanguki kitu."

Wakaingia kwa uangalifu, wakipita pale ulipokuwa mlango ingawa wangeweza kuuruka msingi popote. Mwanamume mnene alivua kofia bila kuambiwa. Mkewe alimtazama Bohumír, aliyekuwa bado amesimama katikati ya njia, kisha akamgeukia tena Zdislava.

"Na huyu mzee uliyekuja naye, naye ni wa hapa?"

Bohumír alinyoosha mgongo. Alijiandaa kutajwa.

"Huyu?" Zdislava alisema. "Huyu huja hapa kuchuma uyoga."

Wote kumi na sita wakageuka. Kisha yule mnene akauliza taratibu, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Kuna uyoga hapa?"

"Nyuma ya mialoni ile, fuateni kijia alichokikanyaga mwenyewe. Ni tele. Chumeni, msiache."

Walitazamana. Mwanamume aligeuza kofia yake ikawa kikapu, mkewe akamwaga mikate kutoka kwenye mfuko, na wengine wakaanza kufungua mikoba na kuvua makoti. Halafu wote kumi na sita wakapanda kuelekea mialoni, na Bohumír, kwa kuwa alikuwa amesimama njiani, ilimbidi asogee awapishe.